Mbuzi Watatu na Springi za Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamua. Springi za nyuma nitaziunda mwenyewe. Naandika haya leo ili baadaye watu wakiuliza wazo lilitoka wapi, wasiseme lilitoka kwa Boaz.

Gari langu ni saluni nyeupe ya miaka ishirini na sita, na hakuna gari lililo chini kuliko hilo katika mtaa wote wa Landless, hapa Thika. Mwaka jana nilikata springi za nyuma kwa grainda, mizunguko miwili na nusu. Sura ikawa safi sana. Kasoro ni moja tu. Mtu akikaa kiti cha nyuma, tairi linasaga mudigadi iliyo juu yake na moshi unatoka. Kwa hivyo hakuna aliyekaa nyuma tangu Juni ya mwaka jana. Haijakuwa shida. Sina watoto, na marafiki nao nimewazoesha kutembea.

Sasa ni shida. Jumamosi ya tarehe kumi na sita napeleka ntheo kwa kina Mwongeli, huko Kilimambogo. Ntheo ni mbuzi watatu. Bila hao, Mkamba anaweza kuishi na mwanamke miaka arobaini, wazae, wajenge, na bado wazee wamhesabu kuwa hana mke. Mimi na Mwongeli tumengoja miaka minne. Nampenda. Mbuzi lazima wafike, na lazima waletwe na upande wetu.

Leo mchana Kyengo, kaka mkubwa wa Mwongeli, alinipigia simu. Akasema ameliona gari langu, kwa hivyo nikitaka atakuja na pikapu yake awachukue mbuzi. Alisema kwa upole kabisa. Yaani wakwe waje wajibebee mbuzi wao wenyewe, kama watu waliotumiwa mzigo! Nilimshukuru. Nikamwambia mbuzi watakuja kwa saluni, nyuma, na tairi halitagusa kitu.

Nimenunua daftari la miraba na penseli mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Kazini nilisema jino linauma. Nikaenda Ruiru kwa wauza vyuma chakavu. Nilikuwa natafuta springi, nikapata kitu bora zaidi: viti vya madereva wa basi. Chini ya kila kiti kuna puto la mpira mnene linalojazwa upepo ili dereva asirushwerushwe. Nimechukua maputo mawili.

Hesabu yangu ni hii. Dereva wa basi hapungui kilo tisini. Sijawahi kumwona aliye mwembamba. Maputo mawili ni madereva wawili, yaani kilo mia moja na themanini. Mbuzi watatu hawafiki hata nusu ya hapo. Nitatoa springi, nitaweka maputo. Nikitoa upepo gari linalala chini. Nikipiga pampu ya mguu linainuka. Hakuna mtu Thika aliye na kitu kama hiki.

Mchoro umechukua kurasa tatu. Nimeutia sahihi.

Alhamisi, 7 Agosti

Maputo yanahitaji vibao vya chuma juu na chini, na vibao vinahitaji kuchomelewa. Mtu anayechomelea vizuri ni mmoja tu, Boaz, wa Mwihoko. Bahati mbaya Boaz naye ana gari la chini, na tumeshindana tangu tuanze. Nikimwonyesha mchoro, Jumapili ijayo atakuwa nao kwake.

Kwa hivyo nilificha. Nilimwambia ni vya kiti cha nyanya yangu, ana mgongo. Boaz akageuza puto huku na huku. Akauliza nyanya ana kilo ngapi. Nikasema sitini, lakini huwa haketi polepole. Akauliza kwa nini viti ni viwili. Nikasema ana dada yake. Akachomelea bila kuuliza tena. Nadhani aliamini.

Nilivifunga mchana huo huo nyuma ya ploti yetu. Nikatoa springi, nikapachika maputo, nikapiga pampu, nikashusha jeki. Kwa muda wa kuhesabu hadi nne, gari lilisimama vizuri sana. Kisha puto la kushoto likapasuka, na la kulia likafuata kabla sijasema neno. Mama Ndila, mwenye ploti, alitoka jikoni na mwiko akauliza ni nani amepigwa risasi.

Nimekaa na daftari nikapata kosa. Kilo za gari lenyewe sikuzihesabu, kwa sababu wakati nikihesabu gari lilikuwa tayari limesimama. Kosa dogo. Lingempata yeyote.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku njema. Nilirudi Ruiru nikapata maputo mengine mawili, ya mwisho. Muuzaji aliniuliza madereva wangu hukaa vipi.

Mchoro wa pili ni wa akili zaidi. Springi zilizokatwa zimerudi mahali pake, nazo zinabeba gari. Puto limekaa ndani ya springi, nalo linabeba mbuzi. Kila kitu na kazi yake. Paipu moja nyembamba ya plastiki inapeleka upepo kwenye maputo yote mawili. Nimeipitisha ndani ya buti ili niweze kupiga pampu nikiwa nimesimama, bila kulala chini na kuchafua shati.

Nimejaribu kwa mitungi ya maji ya Mama Ndila. Mtungi mmoja ni lita ishirini, yaani kilo ishirini. Mitungi mitatu ndani: kati ya tairi na mudigadi kinapita kidole. Mitungi minne: kidole hakipiti. Najua kwa sababu kilikuwa huko Mama Ndila alipoweka wa nne. Kwa hivyo kipimo ni kilo sitini, si zaidi.

Jioni nilienda sokoni na mjomba Nzioki kununua mbuzi. Mjomba ni kaka wa mama yangu. Baba alishafariki, kwa hivyo mjomba ndiye atakayenisemea kwa wakwe. Alichagua madume wawili na jike mmoja. Alikuwa akiwashika mgongo mmoja mmoja na kutikisa kichwa, na muuzaji naye akitikisa chake. Nilimwuliza mjomba kama kuna wadogo kidogo. Akanipa kamba za wote watatu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nililipeleka gari Kiuu, pale panapooshwa magari, ambapo sisi wenye magari ya chini hukutana. Kipimo chetu ni chupa ya soda. Inalazwa chini na kuviringishwa chini ya gari. Ikipita, gari lako ni lori.

Kwangu haikupita. Kwa Boaz ilipita ikakwaruza. Watu walipiga makofi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuionyesha.

Boaz alilala chini akawasha tochi ya simu. Alikaa huko sana. Alipotoka alijipangusa magoti akaniuliza nyanya anaendeleaje huko chini. Wenzake walicheka. Kisha akanivuta kando.

"Bro, hiyo design iko sawa. Lakini paipu usipitishe ndani ya buti. Pitisha chini, uifunge na waya."

Nilimwambia nitafikiria. Wivu wa namna hii nimeuzoea.

Jumatatu, 11 Agosti

Kazi yangu ni karani wa mizani katika kiwanda cha makadamia. Lori linapanda, naandika kilo, linashuka. Miaka sita sijawahi kukosea. Ndiyo maana nacheka nikisikia watu wakikadiria uzito kwa macho.

Leo niliondoka mapema na mbuzi wote watatu, tukafika kabla ya lori la kwanza. Nikawapandisha kwenye mizani. Kilo sitini kamili. Sitini! Kipimo changu hasa. Kuna watu huomba ishara maishani hawapati.

Mkuu wangu, madam Apiyo, alifika mbuzi wakiwa bado wamesimama juu ya mizani ya malori. Aliuliza wanaleta mzigo wa kampuni gani. Nikamweleza ukweli. Akasema hongera, na mbuzi wakitoka nifagie.

Jioni nilimnunulia kila mbuzi maganda ya nanasi, kwa furaha. Karai zima. Walimaliza wakalamba karai. Mama Ndila aliwaongezea ugali wa jana.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepatwa na balaa.

Sijui kwa nini niliwapima tena. Nilitaka tu kuiona ile sitini. Mizani ikasoma themanini.

Niliwashusha, nikawapandisha. Themanini. Nikasukuma dume kubwa hadi ukingoni, kwato mbili nje. Themanini. Siku mbili, kilo ishirini. Ni yale maganda ya nanasi.

Madam Apiyo alijaribu kunituliza. Alisema mizani ya malori haijui kilo moja moja, inaruka kwa ishirini ishirini, na pengine mbuzi wameongeza kilo mbili tu ikaruka. Nilimwambia kwa heshima kwamba mizani haidanganyi, na kwamba yeye kama mkuu wa mizani angepaswa kuwa wa kwanza kuitetea. Akarudi ofisini.

Kilo themanini ni mitungi minne. Mitungi minne ni moshi. Siwezi kufika kwa wakwe nikitoa moshi, Kyengo akiwa langoni.

Nimekaa na daftari. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuliinua gari. Ya pili ni kuwapunguza mbuzi. Gari limefungwa, limejaribiwa, na watu wamelipigia makofi. Mbuzi ndio waliobadilika. Kwa hivyo wao ndio watakaorudi walipokuwa.

Kuanzia leo ni maji na majani kiganja kimoja, asubuhi. Nimemwambia Mama Ndila asiwape chochote. Aliniuliza nimekosana nao kuhusu nini.

Alhamisi, 14 Agosti

Mbuzi wamelia tangu alfajiri. Wamekula soksi yangu, kalenda ya kanisa na ukurasa wa pili wa mchoro. Karatasi ina uzito kiasi gani? Sikuihesabu.

Majirani wamelalamika. Saa kumi Mwongeli alifika. Yeye hushona sare za shule huko Kiuu, na siku za kazi huwa haji Thika, kwa hivyo nilijua kuna mtu amepiga simu. Mama Ndila alikuwa akifua na hakuinua macho.

Nilimweleza Mwongeli kila kitu. Nilimwonyesha jedwali: siku, kilo, kidole. Alilisoma lote. Akawaangalia mbuzi, nao wakamwangalia. Kisha akaketi kwenye mtungi.

"Muoki, baba hatakusalimia kwanza. Atawashika mbuzi mgongo kwanza. Akipata mifupa, ataona hivyo ndio unaniona mimi."

Nikasema ni kilo ishirini tu.

"Kwani gari haiwezi kuinuliwa?"

Nikamwambia inawezekana, kitaalamu. Akaniuliza basi kwa nini nisiinue. Nikafunga daftari. Akasema amekuwa akinitetea mimi na ufundi wangu mbele ya kaka zake kwa miaka minne, na amechoka. Mbuzi wakirudishwa, hatafunga safari nyingine ya kunitetea. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alipoondoka niliona aibu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliwapa mbuzi kiganja cha pili.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamka na suluhisho. Limekuja lenyewe nikipiga mswaki.

Mbuzi wanatakiwa wawe wepesi ndani ya gari, na wanene mbele ya baba mkwe. Hakuna mtu aliyesema lazima iwe wakati mmoja. Watasafiri na njaa. Tukibakisha kona moja kufika, tunasimama chini ya kivuli, wanakula gunia zima la majani na kunywa maji hadi matumbo yatokeze, kisha tunaingia. Mwongeli atafurahi, baba yake atafurahi, na tairi halitagusa kitu.

Gunia la majani lina kilo zake, lakini hilo nimelitatua. Mjomba Nzioki atalipakata mbele. Mbele hakuna shida.

Nimepima upepo mara tatu. Nimeosha gari. Nimetoa kiti cha nyuma ili wasimame vizuri hadi kwenye buti. Sijawahi kuwa tayari kiasi hiki kwa jambo lolote.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa nyumbani kwa mzee Kaloki, baba yake Mwongeli, miguu ikiwa ndani ya beseni. Niandike kwa utaratibu.

Tuliondoka Thika saa mbili asubuhi. Tulitarajiwa saa nne. Mjomba alivaa suti ya kijivu na kofia, na alipoona mahali anapotakiwa kuingia alisimama akiwa ameshika mlango.

"Muoki, hii gari ni ya watu ama ni ya mchwa?"

Akaingia. Nikamweka gunia magotini. Hadi tunafika Kilimambogo hakuona barabara, na alisema hivyo mara kadhaa. Lakini tairi halikugusa. Naomba hilo likumbukwe. Kilomita zote za lami, mbuzi watatu nyuma, na tairi halikugusa hata mara moja.

Tukaingia barabara ya murram, isiyo na lami. Huko kuna shule ya msingi, na mbele ya shule kuna tuta kubwa ambalo ninalijua. Gari la chini halivuki tuta moja kwa moja. Linapanda kwa pembe, tairi moja moja, polepole. Tairi za mbele zilivuka. Nilikuwa karibu kumwambia mjomba aone ufundi.

Sasa, mbuzi walikuwa wamenusa lile gunia tangu Thika. Siku tatu hawajala vizuri, majani yako mbele yao, na hawawezi kuyafikia kwa sababu ya kiti. Mbuzi wa namna hiyo hutafuna kilicho karibu. Nilisikia mlio mrefu, kama sufuria ya chai ikichemka. Niligeuka. Jike lilikuwa na kipande cha paipu mdomoni na lilikuwa likitafuna kwa utulivu.

Gari likaketi. Sina neno lingine. Nyuma ilishuka polepole, tumbo likatua juu ya tuta, na hapo likabaki kama kuku anayeatamia. Nilitia gia ya mbele. Nikatia ya nyuma. Moshi ukatoka.

Mjomba alishuka, akaweka gunia chini, akalizunguka gari mara moja. Aliuliza hii ndiyo ile ya kuinuka. Nikasema ndiyo.

Wakati huo huo ikaja pikapu. Kyengo, akitoka kuchukua kreti za soda za sherehe yetu. Aliegesha. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akamsalimia mjomba kwa mikono miwili, kisha akaniambia, "Shemeji, leta hao mbuzi niwabebe. Ni dakika tano tu."

Naungama kwamba nilishika kamba ya dume la kwanza. Mjomba akanipiga mkono.

"Hapana. Ntheo haibebwi na anayeipokea. Baba yako angetoka kaburini. Tutaenda kwa miguu."

Kyengo akasema ni kilomita tatu. Mjomba akasema anajua kuhesabu. Pikapu ikaondoka, na vumbi lote likatuangukia sisi.

Mjomba alishika jike, mimi madume wawili. Nilivaa viatu vyeusi vyenye ncha, vipya. Lile gunia tuliliacha, kwa sababu mjomba alisema akilipakata tena ataenda nalo kwake. Mbuzi hawakukubali kutembea. Walikuwa na njaa, na kando ya barabara kulikuwa na nyasi. Walikula nyasi. Walikula ua wa mtu, na mwenyewe alikuwa amesimama hapo. Walikula maganda ya maharagwe nyuma ya hoteli, kisha wakanywa maji kwenye karai la bata. Nikivuta kamba wanalala. Tukangoja. Mjomba alikaa juu ya jiwe akavua kofia akanisimulia jinsi yeye alivyopeleka ntheo yake, na alipomaliza mbuzi walikuwa bado wanakula, akaanza ya kaka yake.

Nilikuwa na hofu kweli. Kila nilipoangalia saa nilimwona Mwongeli langoni. Saa nne ilipita, saa tano ikapita, saa sita. Nilifikiri watu wamekunja viti.

Tulifika saa saba na nusu. Hawakuwa wamekunja. Wazee wote waliinuka wakatazama barabarani, kwa sababu walikuwa wakisikiliza gari na badala yake walisikia mbuzi. Mzee Kaloki alikuja moja kwa moja. Hakunisalimia. Alishika mgongo wa dume la kwanza, akashuka mbavuni, akafika tumboni akasimama hapo. Matumbo yalikuwa yamejaa kama ngoma. Alimpapasa wa pili. Alimpapasa jike, nalo likacheua, kipande cha plastiki kikaanguka karibu na kiatu chake. Nilikikanyaga.

"Hawa wamelishwa," akasema.

Kisha akauliza gari liko wapi, maana alisikia tunakuja kwa gari. Nilifungua mdomo. Mjomba Nzioki akanitangulia. Alisema kijana wake alisimamisha gari kule shuleni kwa hiari yake, akasema mbuzi wa heshima hawaingii kwa mzee wakiwa ndani ya buti kama viazi, wanaingia kwa miguu kama zamani. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Yeye ni mzee wa kanisa.

Mzee Kaloki alivua kofia. Akasema ana wakwe watatu, mmoja alileta kwa lori, mmoja akatuma kwa simu, na hakuna aliyewahi kumtembezea mbuzi. Akanishika mkono, akauona kiatu, akaita maji ya moto.

Kyengo alikuwa akipanga soda mezani. Aliniangalia, akawaangalia mbuzi, akaendelea kupanga. Baadaye niligundua kwamba Mwongeli alikuwa amesimama kando yake, na kisigino chake kilikuwa juu ya vidole vya kaka yake.

Ntheo imepokelewa. Mama mkwe sikukutana naye uso kwa uso, kama mila yetu inavyotaka, ila nilisikia vigelegele vyake kutoka jikoni. Mwongeli ndiye aliyeleta beseni. Alipiga magoti kuosha vumbi, akaniuliza kwa sauti ya chini tuta lipi. Nikamwambia la shule. Alicheka hadi akamwaga maji, akaweka paji la uso juu ya goti langu, na akabaki hapo kwa muda. Mimi nilikuwa nalia kidogo. Ni uchovu na ni furaha, vyote viwili.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi Kyengo alilivuta gari kwa kamba hadi likashuka kwenye tuta. Halina jeraha kubwa. Alipofungua kamba aliniuliza yale maputo yanapatikana wapi. Nikamwambia yameisha.

Baada ya kanisa nilimrudisha Mwongeli kwake Kiuu. Alikaa mbele. Njiani aliniambia sharti lake, na ni moja tu. Arusi ni Desemba. Siku hiyo atakaa nyuma ya gari hili, kama bi harusi yeyote, na moshi hautatoka. Kwa hivyo nitoe zile springi zilizokatwa, niweke ndefu, za kiwandani. Niliahidi. Nilimaanisha kabisa. Nilimshukuru Mungu kwamba nimepata mke mwenye busara.

Tulipofika nilishuka nikatazama gari likiwa limeegeshwa mbele ya ploti yake. Maputo hayana upepo tena, na nyuma imelala kuliko wakati mwingine wowote. Ilipendeza. Fundi wa viatu jirani alisema ilipendeza. Ukifikiri vizuri, mchoro haukukosea mahali popote. Ilikuwa paipu tu, na bi harusi hatafuni paipu.

Kilichobaki ni hesabu moja. Mbuzi walikuwa kilo sitini. Bi harusi ni zaidi, kuna gauni, na kuna msimamizi wake. Nilimwuliza Mwongeli kama anaweza kupitia kazini kwangu siku moja asubuhi, kabla ya lori la kwanza. Akauliza kufanya nini. Nikasema kuona tu mahali ninapofanya kazi.

Alikuwa amepika chapati na ndengu. Nilikula mbili. Yeye alikuwa amemaliza ya tatu. Miezi minne ni muda wa kutosha ikiwa mtu ataanza mapema. Kwa hivyo nilimwambia, kwa upole na kwa mapenzi, kwamba chapati tatu ni nyingi kidogo.

Alichukua ya nne, akaikunja, akaila polepole akiniangalia machoni.

Nimeandika kilo sabini na tano.